Si uchafu, ni seli zangu

Shoga, nimetoka kwa daktari sasa hivi, nina hasira.

Miaka sita ya fangasi kwenye kucha na mdomoni. Miaka sita mama mkwe ananiita mchafu mbele ya mawifi. Kumbe nimezaliwa hivi. NIMEZALIWA HIVI.

Daktari katuchorea kwenye karatasi, mimi na mume wangu. Kasema fangasi ana ganda la sukari. Seli za kinga zina vipokezi vya kuitambua sukari hiyo, zikiigusa tu zinamvamia na kuita nyingine zije kusaidia. Vipokezi vyangu vina kasoro, kwa hiyo fangasi anaingia kama mwenye nyumba.

"Hakuna sabuni ya kurekebisha hilo," kasema. "Nani alikwambia ni uchafu?"

Nikamwangalia mume wangu. Akaangalia viatu vyake.

Tumefika koridoni ananiambia, "Hili libaki letu. Mama atasema nimeoa ugonjwa wa ukoo."

Libaki letu. Uchafu wangu ulitangazwa ukoo mzima, leo ukweli ndio uwe siri?

Nimempigia mama mkwe palepale, mwanawe akisikia. Nimemweleza yote kwa adabu. Kaniuliza: "Sasa mwanangu, mbona hukusema mapema?"

Mbona hukusema. Mimi.

Nikamjibu, "Mama, ninasema leo. Na Jumapili wakija mawifi utawaambia wewe mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa hapo."

Kasema sawa. Kwa sauti ndogo, lakini kasema.

Mume yuko kwenye gari anapiga honi. Apige.