Doa la Chuma Kitupu

Española, New Mexico
Jumatatu ya Pasaka

Kwako kaka Eliseo,

Salamu zangu zivuke theluji zote hizo zikukute huko Alaska ukiwa mzima, umeshiba na umevaa soksi kavu. Sisi huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, lakini halijamzuia kupika supu ya mahindi, pozole yake, ya kulisha mtaa mzima, na amenituma nikuulize kama huko mnapata pilipili nyekundu au mnakula chakula cha wagonjwa. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikata.

Nina habari za Domitila. Usikunje uso, soma kwanza.

Unakumbuka alivyokuwa ulipoondoka: gari la Baba, Impala ya mwaka sitini na tatu, rangi ya divai, injini kubwa kuliko aliyozaliwa nayo, na ile pampu ya mafuta ya umeme uliyomfungia wewe mwenyewe nyuma karibu na tanki. Unakumbuka pia maneno mliyorushiana na Baba gari lilipoanza kuzimika. Tangu hapo ugonjwa ni uleule. Barabara kuu anateleza bila shida, lakini akiingia kwenye msafara wa Pasaka, magari yanatambaa na watu wamejaa pembeni kutazama, anakohoa mara mbili na kufa. Mwaka jana alikufa mbele ya jirani yetu Fidencio, naye akatoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Belarmino, huyo bibi kachoka, mtafutie kiti!" Watu wakacheka. Baba alirudi nyumbani akivutwa kwa kamba, na hakula.

Baba aliamini tatizo ni mafuta. Alibadilisha filta, akafungua kabureta na kuiosha kwenye beseni la Mama la kufulia (vita vya siku ile nitakusimulia ana kwa ana), akamwaga tanki lote, akaviringisha vitambaa kwenye mipira ya petroli ili joto la injini lisiichemshe. Kila akimaliza alisema pampu ya Eliseo ndiyo uchawi wa gari hili. Lakini pampu yenyewe hakuing'oa. Hilo lilinishangaza.

Mwaka huu alitangaza mezani kwamba akizimika tena msafarani, anamuuza kwa Fidencio. Mama aliweka kijiko chini. Mimi nilijua Domitila akiondoka, wewe na Baba hamtabakiwa na kitu cha kuwapatanisha.

Jumamosi asubuhi nikamwomba tumwangalie pamoja. Akanijibu kwamba dereva wa basi la shule anajua usukani, gari halijui. Nikamwambia basi langu angalau linafika shuleni. Akacheka kwa pua, akanipa tochi.

Yeye akakaa kwenye usukani, mimi nikalala chini kwa nyuma, sikio karibu na pampu. Ilikuwa inavuma vizuri. Nikamwambia awashe taa, sauti ikashuka. Nikamwambia akanyage breki; ikaguna kama mtu aliyezibwa pumzi, na injini ikakohoa. Akaachia, ikapona. Akakanyaga, ikaugua. Kaka, hapo ndipo nilipoelewa. Muda wote huo tulikuwa tunampasua tumbo, kumbe kinachomuua ni mguu wa Baba kwenye breki. Na msafarani nani hakanyagi breki?

Nikafungua buti nikapapasa waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, ambao pampu na taa za nyuma zinautumia pamoja. Bolti yake ilikuwa ya moto kama kikaango cha Mama, niliruka. Nikachukua waya mnene wa kubusti betri, upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye mwili wa pampu, Baba bado mguu uko kwenye breki. Pampu ikaimba. Baba akashuka, akaja nyuma, akavua kofia kama yuko kanisani. Sote wawili tulisimama tunasikiliza tu. Mpaka sasa nastaajabu: kitu kisichoonekana kilikuwa kinaomba njia miaka yote hiyo, na sisi tumekifungia mlango.

Sasa nikwambie nililoshikia kalamu. Baba alifungua ile bolti polepole. Chini yake hakukuwa na chuma, kulikuwa na rangi: ile ya divai yenye chembe za kumeta, tabaka juu ya tabaka. Wewe ulipofunga pampu ulikwangua pale mpaka chuma kikawa cheupe. Baba akaliona lile doa, hakuvumilia, akafungua waya wako, akapaka, akarudisha bolti juu ya rangi. Umeme haupiti kwenye rangi; ulikuwa unajipenyeza kwenye meno ya bolti tu, na taa za breki zikiwaka pampu inakosa wake. Yote yalimrudia palepale. Alikaa kwenye bampa akasema, "Oralia, kaka yako alikuwa sawa. Nimemwita fundi wa kubabaisha mbele ya watu, kumbe ni mimi na urembo wangu." Kisha akalia, baba yetu yule, msasa mkononi.

Alikwangua mwenyewe, hakuniruhusu. Na jana Domitila alitambaa kutoka kanisani hadi darajani na kurudi, akainama na kuinuka kwa zile jeki zake za magurudumu kama magari mengine ya msafara, hakukohoa hata mara moja. Tulipoegesha na watu kufungua mabuti kama kawaida, Fidencio akaingiza kichwa akapaza sauti, "We Belarmino, mbona humu kuna kidonda? Rangi imekuishia?" Unamjua Baba, mtu wa kuosha gari upya kwa sababu nzi ametua. Nilidhani atafunga buti. Aliliacha wazi mpaka jioni, na kila aliyeuliza alimjibu, "Hapo hapapakwi. Hapo mwanangu alikuwa sawa, mimi nikakosea."

Mama anakusalimu sana, na anasisitiza habari ya soksi. Fidencio pia anakusalimu, kwa shingo upande. Baba hakutuma salamu. Amepita hapa sasa hivi nikiandika, ameweka mezani ufunguo wa pili wa Domitila, akasema niutie kwenye bahasha, akatoka kabla sijamuuliza kitu. Umo humu.

Ni mimi mdogo wako,
Oralia