Usimwongeze Wali Mke wa Nassor

Ghubra, Maskati

Mdogo wangu Zuwena,

Asalaam alaykum, weye na wote waliomo nyumbani. Goti lako lishapoa? Na ile dawa ya kuchua niliyokupelekea, unaipaka au umeificha kabatini? Miye sijambo. Macho tu yananisumbua, lakini nnakula na nnalala, alhamdulillahi. Anayeandika ni mjukuu wangu Ruqaiya, na nimemwambia asipunguze neno.

Barua iliyopita nilikuandikia maneno mabaya juu ya Keiko, yule Mjapani aliyeolewa na mjukuu wetu Nassor. Nilisema ana kiburi, hazungumzi wakati wa kula, anautazama wali kama anauhesabu. Nasikia umewasomea mpaka majirani. Sasa Nassor anamleta huko Idd hii, na sitaki apokewe kwa maneno yale. Nilikosea, Zuwena. Nisikilize.

Unajua sisi twala sinia moja. Mgeni nnamsogezea nyama upande wake, na akibakisha najua kashiba. Huyu habakishi. Anaokota punje moja moja mpaka upande wake unang'ara. Nami nikiona peupe, roho inaniuma, naongeza. Anainamisha kichwa, anasema ahsante, anakula. Naongeza tena. Nilikuwa nikimwambia Ruqaiya, "Mwembamba vile, wali wote huo unakwenda wapi?"

Ijumaa moja, baada ya pilau, nilikwenda kutia udhu nikamsikia chooni anatapika. Nikamkamata Nassor mlangoni.

"Mkeo ana nini?"

"Ana mimba, Bibi. Mwezi wa tatu. Daktari kasema akizidi kupungua hivi atalazwa, atiwe dripu."

"Na huku anamaliza chakula?"

Akatazama chini. "Kwao kubakisha wali ni kumvunjia heshima aliyepika. Yeye anamaliza kwa kukuheshimu, nawe unamwongeza kwa kumheshimu."

"Na ulimi wako ulikuwa wapi?"

"Kanikataza. Kasema Bibi atavunjika moyo."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilikumbuka nilipofika nchi hii mara ya kwanza, watu wa marehemu mume wangu wakinipa maziwa ya ngamia asubuhi na jioni. Nilikuwa nikiyameza na machozi, wao wakisema, "Tazama anavyoyapenda." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Na miye mwenyewe, baada ya miaka yote hii, nimemfanyia mtoto wa watu yale yale, tena kwa kumpenda. Ndiyo hayo yanayonikosesha raha.

Nikamshika Keiko mkono, nikampeleka jikoni. "Haya, sema. Unataka kula nini?"

Akafikiri, maana Kiswahili chake bado kichanga. "Wali mtupu, Bibi."

"Bila nazi?"

"Bila nazi. Bila chumvi."

"Huo wa wagonjwa."

Akacheka, mkono mdomoni. "Kwetu wa kila siku."

Nikampikia. Akauliza ukoko uko wapi. Mgeni nimpe ukoko? Ningekufa kwa haya. Lakini aliukwangua mwenyewe, akautia bakulini, akaumwagia chai ya moto isiyo sukari wala maziwa. Juu yake akaweka tunda dogo jekundu alilolileta kutoka kwao kwenye chupa, chumvi na ukali vitupu, achari yetu ya embe haifui dafu. Akauvuta kwa mlio. Mtoto wangu angeula hivyo ningempiga kibao. Bakuli likaisha. Mkono wangu ukawa unawasha kuongeza, nikaukalia. Nao wali ule haukurudi, Zuwena, ulikaa tumboni.

Sasa tuko mwezi wa tano. Daktari kasema damu inatosha na mtoto anacheza. Jana tumekula sote mchuzi wa jodari. Nikamwona Keiko kasimamisha mkono, mbele yake wali umebaki kiasi cha konzi moja. Akanitazama, uso umemwiva kama kaiba kitu. Kakusudia nijue kashiba. Najua ilivyomgharimu. Nikauvuta upande wangu, nikaula mpaka punje ya mwisho.

Basi akija kwako usimwongeze mpaka aombe. Msitazamane akiwa kimya, anakula kwa moyo. Ukoko usiwatupie kuku.

Nisalimie mumeo, na watoto wa marehemu kaka yetu. Wifi yetu mkubwa, aliyesema Nassor karogwa, mpe salamu na umwambie afunge mdomo kwanza, aje amwone. Mama Nassor anakusalimu, anashona nguo za mtoto.

Barua ile itie motoni. Hii wasomee wote uliowasomea ile, na pale niliposema nimekosea upasome mara mbili.

Ni miye dada yako,
Salma