Namwonea kijicho mwalimu mwenzangu, na Alhamisi natakiwa niseme

Bi Ummkulthum, mshauri wetu, asalaam aleikum, nakuomba unisaidie kabla ya Alhamisi, kwani nina jambo limenikaa kifuani na mume wangu simwambii, na marafiki nilio nao wote ni walimu wenzangu. Nasomesha Darasa la Tano katika skuli moja upande wa Mtambile, na darasa langu ndilo wageni wakija mwalimu mkuu huwaleta kwanza, watoto wamekaa mistari imenyooka, ukiangusha sindano utaisikia, nami nikijua hiyo ndiyo heshima.

Mwaka huu tumeletewa Mwalimu Khairiya, mtoto mdogo tu, akapewa Darasa la Sita, wale wale niliokuwa nao mimi mwaka jana, na chumba chake kipo ubavuni mwa changu na ukuta wetu haufiki paa, kwa hiyo yanayosemwa kule nayasikia nitake nisitake. Mwanzo tu aliwapeleka watoto mikokoni Kengeja, wakarudi na matope mpaka magotini, akawauliza kule nani anamtegemea nani, wakasema majani yakianguka kaa wanakula, kaa wakichimba mashimo mizizi inapata hewa, na samaki wadogo wanajificha humo humo, basi akawaambia na darasa ni hivyo, ukimdharau mmoja umewaharibia wote. Tangu hapo wakajiwekea masharti yao: mtu akisema hakatizwi, akikosea hachekwi, na asiyekubali aseme kwa adabu. Mimi nikacheka, nikasema ngoja mtihani uje.

Sasa yupo msichana anaitwa Mwanawema, ana kigugumizi. Nilikuwa naye mwaka mzima, nikawa simuulizi kitu kwa kumhurumia, na nikadhani kichwa chake kizito, na sauti yake sikuijua ila akiitika jina. Siku moja nipo ubaoni nikasikia upande wa pili mtoto anasoma, anakwama, anakwama tena, na darasa zima linamngoja, halafu anaendelea. Nikamuuliza binti yangu Asya, naye yumo darasa hilo, ni nani yule, akanambia, "Mwanawema, Mama. Kwetu akikwama twamngoja, mwenyewe hufika." Bi Ummkulthum, ningekuwa mtu mwema ningefurahi, lakini niliona moto. Mwaka mzima nilikuwa naye mimi, na sauti kaipata mwingine! Na nyumbani sina amani, kila tonge Mwalimu Khairiya kasema hivi, Mwalimu Khairiya kafanya vile, mpaka nikamkataza Asya kulitaja jina hilo tunapokula, na sasa mwanangu anakula kimya.

Ndipo nikafanya nililolifanya. Tulikuwa kwa jirani yangu Bi Mardhiya, wanawake tumekaa jamvini tunachambua karafuu, mikono inatoa makonyo, vile vijiti vyake, na midomo inafanya kazi yake, nami nikatia neno kwamba Darasa la Sita watoto wanafundishwa kumjibu mwalimu, nimemsikia mmoja kwa masikio yangu akisema, "Mwalimu, mie naona si hivyo." Uongo sikusema. Ila sikusema kuwa mtoto alianza na samahani, wala kuwa Mwalimu Khairiya alikiri hesabu kaikosea kweli, akamshukuru. Karafuu hazijakauka, neno limeshafika kwa Mzee Haroub wa kamati ya skuli, kaja juu, anataka mwalimu huyo aondolewe na watoto warejeshwe kwangu. Alhamisi kamati inakaa na nimeitwa nieleze niliyoyasikia. Nikisema yote nitaonekana mfitini mbele ya watu wanaoniheshimu. Nikisema nusu nitarejeshewa darasa, na nafsi yangu, nisikufiche, inalitaka. Nifanyeje?

Mwenye Kijicho, Mtambile

Mwalimu, waaleikum salaam. Jina ulilojipa silitumii, kazi yako ina jina zuri zaidi. Pole, kwani kijicho humla mwenyewe kabla ya jirani, na aliyeweza kukiandika kwa mkono wake hajafika pabaya sana. Pole yangu inaishia hapo.

Unasema uongo hukusema. Usinichezee. Ukweli ukiukata ukaificha nusu yenye samahani ndani yake, hiyo ni fitina, na wewe msomeshaji unalijua hilo. Unaogopa kuonekana mfitini? Umeshakuwa, mwanamke mwenzangu. Lililobaki ni kuamua kama utaendelea.

Kisha hiyo heshima unayoisema. Mtoto hunyamaza kwa adabu, na hunyamaza kwa woga, na wewe uliyesimama mbele hutajua ni ipi mpaka umpe nafasi ya kusema. Wazee wetu walitufunza maneno ya kumwendea mkubwa: samahani, niwie radhi, kwa idhini yako. Hayo ni maneno ya mtu anayesema, si ya aliyefungwa mdomo. Mtoto yule aliyatumia. Adabu gani nyingine unaitaka?

Na hilo darasa ukirejeshewa, utapata madawati na vichwa vilivyomo. Sauti ya Mwanawema hutaipata. Itarudi kule kule ilikokuwa mwaka jana, na safari hii utakuwa umeirudisha kwa kujua.

Basi fanya hivi. Kabla ya kamati nenda kwa Khairiya, nyumbani kwake, umwambie kwa mdomo wako kuwa neno lilitoka kwako. Atakasirika, muache akasirike, usijitetee. Ukitoka hapo pitia kwa Bi Mardhiya, kaa jamvini, chambua karafuu kama wenzio, na uimalizie ile nusu mbele ya wale wale uliowatilia neno. Alhamisi mweleze Mzee Haroub yote, hesabu iliyokosewa, samahani ya mtoto na shukrani ya mwalimu, na useme wazi kuwa darasa hulitaki. Utaaibika, ndiyo. Majuto ni mjukuu, lakini huyo wako hajazaliwa bado, unaweza kumuwahi. Na Asya mwambie leo hii kuwa akila alitaje jina analolitaka, nawe umeze.

Jambo moja bado linaniudhi. Barua yako nimeirudia nikitafuta kitu nisikione. Umemtaja Mwanawema, umemtaja binti yako, na wote wako kwa Khairiya. Wewe una darasa zima la watoto mbele yako, wamenyooka, kimya kama ulivyowataka, na hukunitajia hata mmoja. Kesho asubuhi wakishakaa, mtafute yule ambaye hujapata kuisikia sauti yake. Muulize swali, kisha nyamaza wewe.