Baba, Alhamisi Nenda Ukapimwe

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii anakusomea mama kutoka kwenye simu, na najua umekaa varandani ukijifanya husikilizi. Nimemwomba asome polepole, asiruke neno hata likimchoma. Nikikupigia simu unaniuliza baridi ya huku Ayalandi, unaniuliza kama ninakula, kisha nikitaja hospitali tu unampa mama simu unakwenda kwa ng'ombe. Barua hii itabidi uisikilize mwenyewe mpaka mwisho.

Alhamisi saa mbili asubuhi unatakiwa hospitali mjini Moshi, ukapimwe macho. Hii ni mara ya tatu nakuombea nafasi hiyo. Mara mbili za kwanza hukwenda, na mara zote mbili ulimjibu mama maneno yale yale, ukawajibu hivyo hivyo wazee wa kanisa waliokuja kukusihi: "Binti yangu ndiye mtaalamu, na aliniangalia mwenyewe kabla hajaondoka. Akasema mazima." Mama anasema unayatamka kwa fahari.

Wacha nikukumbushe siku hiyo, maana wewe unaikumbuka kwa namna yako na mimi kwa namna yangu.

Ilikuwa Jumapili, wiki moja kabla sijasafiri. Tulikuwa tumetoka ibadani, mama amepika mtori, na nusu ya majirani zetu pale Masama walikuwa wamesikia kwamba nitawapima macho. Uliibandika mwenyewe ile karatasi ya herufi kwenye ukuta wa jiko, ukahesabu hatua kwa miguu yako, kisha ukakaa wa kwanza ili wengine wasiogope. Ukafunika jicho moja, ukasoma mpaka mstari wa chini. Ukafunika la pili, ukasoma tena, safari hii kwa kusitasita kidogo, ukamaliza. Watu wakapiga makofi. Ulitabasamu kama mwanafunzi aliyefaulu darasa la saba.

Lakini kusoma herufi ni sehemu ndogo tu ya kazi, baba. Mtu anaweza kuzisoma zote huku jicho linakufa kutokea pembeni. Presha ya macho ndivyo inavyokula: haiumi, haiwashi, inaanza kwenye kingo na katikati inapaacha mwisho. Ili niione ilibidi tuingie chumbani kwenye giza, niwashe kile kitochi chenye kidirisha, nisogeze uso mpaka shavu langu likaribie kugusa lako, nichungulie nyuma kabisa ya jicho, mahali mshipa unapoingilia.

Tuliingia. Mama alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Nikainama.

Unajua sisi wawili tulivyo. Tangu nilipokuwa msichana mkubwa, salamu yetu ni ya mkono, na mimi nimeinamisha kichwa. Nikikuletea chakula naweka mezani narudi jikoni. Siku niliyomaliza chuo ulinipongeza ukiwa unaiangalia migomba. Sijawahi kulalamika. Ndivyo baba na binti wanavyokaa kwetu, na nilijua unanipenda kwa namna ulivyonisubiri njia panda kila tulipofunga shule, ukijifanya umekuja kukata majani ya ng'ombe.

Basi pumzi yako ikanifikia usoni. Ukarudisha kichwa nyuma, nami nikarudisha changu. Ukakohoa. Wewe uliona aibu na mimi nikaona aibu, na mama pale mlangoni akaangalia pembeni.

"Tayari?" ukauliza.

"Tayari, baba. Mazima kabisa."

Nilikudanganya. Sikuona kitu. Niliwasha kitochi, nikakizima. Kwenye daftari nikaandika "kawaida" mbele ya jina lako, macho yote mawili, nikaita mtu wa pili. Yule bibi jirani nilimchungulia kwa utulivu, jicho moja moja, mpaka nikaridhika. Yeye hakuwa baba yangu, kwa hiyo haikunisumbua.

Na baya zaidi ni kwamba nilijua habari za baba mkubwa. Nilikuwa mdogo lakini namkumbuka kaka yako akitembea kihambani kwa fimbo, akipapasa mti wa kahawa mmoja mpaka mwingine ili afike nyumbani. Watu walisema ni uzee, wengine wakasema amerogwa. Mwaka wa pili chuoni tulifundishwa kwamba ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na ndugu wa mgonjwa ndio wa kuangaliwa mwanzo. Niliipigia mstari sentensi hiyo. Nilikuwa nakufikiria wewe wakati napiga.

Huku kazi yangu ni nzuri, sitakuficha. Mji ni mdogo, chumba changu kina jina langu mlangoni, na watu wananisikiliza. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja mfugaji, mikono mikubwa, amejikata kidevuni wakati wa kunyoa. Nikainama, shavu kwa shavu, nikakaa hapo mpaka nikamaliza macho yote mawili. Yeye hakushtuka wala mimi sikushtuka. Alipotoka nilijifungia chooni nikalia. Nimesafiri mbali mpaka huku, nikamfanyia mgeni kile nilichoshindwa kumfanyia baba yangu chumbani kwetu.

Siku hiyo hiyo nilimpigia mama nikamuuliza maswali, moja baada ya jingine, kama ninavyowauliza wagonjwa. Usimkasirikie, nilimbana. Akaniambia kwamba unapochambua kahawa kwenye kichanja, punje mbovu za katikati unazitoa zote, za upande wa kulia unaziacha. Ukienda kukata majani yeye anapita nyuma yako kuzitoa, ili usijue. Akaniambia bega lako la kulia lina alama ya mwimo wa mlango. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu msimu wa mwaka jana.

Jicho la kulia naogopa limekwenda, baba. Lililopotea kwa ugonjwa huu halirudi, hata ungeletwa huku kwangu. La kushoto bado lipo, na kuna dawa ya matone, na kuna upasuaji, vya kulishikilia libaki pale lilipo. Sijui limebakiza muda gani. Hilo ndilo linalonikosesha raha nikiwa kazini na nikiwa nimelala.

Nimekasirika. Kwanza na nafsi yangu, lakini na wewe pia, na leo nitasema. Ulijua. Mtu hawezi kugonga mwimo ule ule mwaka mzima asijue. Mama alipokubana hatimaye ulimwambia, "Akijua atarudi, na kazi ataiacha." Kwa hiyo umekaa na giza lako kimya ili mimi nibaki huku, na ukalitumia neno langu mwenyewe kuwafungia watu mlango. Nani alikuomba? Sikia basi hesabu yangu. Ukitibiwa, nitabaki na kazi yangu na utajivunia unavyotaka. Ukipofuka, nitarudi kwa ndege ya kwanza nije nikushike mkono, na hutaweza kunifukuza.

Ningekuwa nyumbani ningekuja mbele yako na jani la isale mkononi, na kwetu anayeomba msamaha na isale hakataliwi. Huku halipo. Naomba kwa mikono mitupu: nisamehe, baba. Nilikuonea haya wakati ambapo nilipaswa kukupima.

Mchungaji amekubali kukupeleka kwa gari lake, atafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Yeye najua humkatalii akiwa ameshafika getini. Huko hospitali daktari utakayemkuta atakusogelea karibu sana. Mwache afanye kazi yake.

Sasa mama, nakuomba usogeze kiti ukae mbele yake, goti kwa goti, umsomee haya. Baba, funika jicho la kushoto kwa kiganja. Kwa lile la kulia mtazame mama puani, wala usilizungushe. Ukiuona uso wake wote, masikio yote mawili na kitambaa chake cha kichwani, basi binti yako ni mwoga wa bure, na Alhamisi kaa nyumbani. Ukiona kipande, au usipomwona kabisa, mwambie. Mwambie sasa hivi, kabla hujakiondoa kiganja, maana yeye ndiye aliye mbele yako na mimi siko.

Nashika simu nasubiri,

Binti yako