Zamu Yetu ya Brashi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemnyoa baba mtoto na sikumkata. Hata tone la damu! Wiki iliyopita nilikuwa kama napara samaki, na yeye katulia tu, macho kwenye dari, kwa sababu atafanyaje. Mikono na miguu haimtii tangu aanguke kwenye ngazi akipaka rangi bango la duka. Shingo inageuka, mdomo unaongea ukitaka. Basi.

Nimetuma picha kwenye kundi lake la kunyoa, la kwenye simu. Sio ya uso, hataki uso wake uonekane. Povu tu ndani ya bakuli, limesimama kama pamba. Wanaume wale kila asubuhi hutumiana "povu la leo", kila mtu na bakuli lake, utadhani akina mama wanaoneshana watoto. Wamenisifu! Mwenyekiti, yule mzee fundi cherehani aliyeanzisha kundi, kaandika: Shemeji, povu hilo hata mimi sijalifikia. Jiwe, anayewanolea wenzake nyembe kwenye mawe yake, kamjibu: Utalifikia wapi, mzee, lako siku zote ni maji ya kufulia. Nikamsomea baba mtoto. Kacheka na yeye. Kwa pua, kidogo tu — lakini kicheko ni kicheko.

Kundi ni lake, mimi wa kuletwa. Aliingia tulipooana. Shingo ilikuwa inamjaa vipele kila akinyoa, wakamfundisha kunyoa kizamani: brashi, sabuni ya kipande, wembe mmoja mkali badala ya hivi vya plastiki vya kutupa. Vipele vikaisha. Akawa mtu wao. Alipoanguka niliwaandikia kwa simu yake, na mwandiko wangu huu wa darasa la saba, kwamba mwenye simu yuko hospitali, mimi ni mkewe, nisameheni kwa makosa. Hakuna aliyecheka makosa. Wakanifundisha mimi sasa. Ramani ya ndevu: shavuni zinashuka, kooni zinapanda, chini ya sikio zinazunguka kama kimbunga. Leo mimi ni Shemeji wa wanaume lukuki nisiowajua hata kwa sura.

Jumatano, 5 Machi

Brashi iko njiani!

Niandike vizuri nisisahau furaha hii. Kundi lina brashi moja ya wote. Walichanga wakaagiza manyoya mazuri, Jiwe akachonga mpini wa mti mweusi. Inasafiri kwa kifurushi, nyumba hadi nyumba, kwa foleni ya kura. Ikifika kwako unanyoa mbele ya wote kwa video, wanakutania mpaka masikio yawake moto, halafu unachonga alama yako kwenye mpini na kumpelekea anayefuata. Baba mtoto aliisubiri zamu yake tangu akiwa mzima. Alishachagua na alama: ngazi ndogo. Ngazi! Mungu ana utani wake.

Sasa brashi iko kwa yule mwoka mikate wanayemwita Mgeni, kwa kuwa ndiye wa mwisho kujiunga. Akitoka yeye ni sisi.

Nilidhani atafurahi. Kasema: Wanitazame nikinyolewa kama mtoto? Akageukia ukuta. Nikaenda zangu kufua. Nimerudi, kaniuliza: Imefika wapi?

Imefika wapi! Hajaniuliza habari ya kesho tangu atoke hospitali. Ni dawa, chakula, usingizi. Nimejifanya natafuta pini asione machozi.

Ijumaa, 7 Machi

Muuguzi kaja kumbadilisha bandeji. Kasema kidonda cha nyuma ya sikio kinakauka vizuri lakini tuwe macho, chochote kinachomgusa usoni kiwe safi. Nimeliandika kwenye kundi ili wajue. Mgeni kanijibu hapohapo: Ondoa shaka, dada, itatoka kwangu safi kuliko kijiko cha mtoto mchanga. Kijana mwema. Juzi alituma picha ya uso wake umejaa unga na povu, Jiwe akamwambia akijikata utatoka unga badala ya damu.

Mama mkwe yeye na kundi hawaivi chungu kimoja. Mwache mwanangu afuge ndevu, kasema. Baba yake alifuga, babu yake alifuga, wewe unampaka mapovu kila asubuhi kama sufuria. Nikamwambia, mama, ndevu zinamwasha na mikono ya kujikuna hana. Akageuka kuondoka. Halafu: Basi mpake, lakini mtoto analia. Kweli, mtoto alikuwa analia.

Jumapili, 9 Machi

Amekubali!!

Kasema sogeza kitanda dirishani, mwanga uwe mzuri. Uniinue, nisionekane nimelala. Na shati la bluu. Tukafanya majaribio. Nikampanga na mito mitatu nyuma na blanketi ubavuni. Nikarudi nyuma kumtazama — akaanza kuteleza! Polepole, kama gunia la mchanga, huku ananitazama, hawezi kujizuia na mimi nimeshika simu. Nikamdaka kwapani. Tumecheka sote mpaka mtoto akatushangaa. Akasema: Hiyo usiwaoneshe. Nikasema hiyo ndiyo nitaanza nayo.

Ee Mungu, isichelewe.

Jumanne, 11 Machi

Brashi imekufa.

Mgeni kaichemsha. Kwenye sufuria! Ili iwe safi kwa ajili ya mgonjwa. Kila mtu kundini anajua maji ya moto sana ni mwiko kwa brashi, manyoya yameshikwa na gundi tu. Yeye hakujua. Kaitumbukiza, kafunika na mfuniko, karudi kwenye tanuri lake. Alivyofunua, manyoya yanaelea upande wake, mpini umezama upande wake. Kapiga picha akatuma. Chini yake kaandika: Jamani, hii inarudi?

Inarudi!

Wa kwanza walicheka. Kisha Mwenyekiti akatuma ujumbe wa sauti. Sijawahi kumsikia hivyo. Hafoki, anatetemeka. Kasema: Alama ya kwanza kwenye mpini ule ni yangu. Ya pili ni ya mwenzangu ambaye yuko udongoni. Kisha akamtoa Mgeni kwenye kundi. Hapohapo. Jina lake limeondoka kama mtu aliyeanguka kisimani.

Mimi ndiye niliyeandika habari ya usafi. Nimekaa na simu mapajani sijui niandike nini. Nimeandika: Msimtoe, alitaka kutusaidia. Hakuna aliyejibu. Nadhani hata hawakuniona, ujumbe ulikuwa unapita kama mvua.

Jumatano, 12 Machi

Wamegawanyika. Jiwe anasema: Mpini niliuchonga mimi na bado mzima, manyoya yatanunuliwa, utu haununuliwi, mrudisheni kijana. Mwenyekiti anasema kundi bila sheria ni soko. Jiwe: Soko lina ubinadamu kukushinda. Watu wazima hawa! Waliokuwa wanasifiana mapovu.

Nilikuwa namsomea baba mtoto yote. Aliniomba. Na mimi nasoma polepole, kidole chini ya maneno, mdomo unatangulia akili. Mmoja, hata simjui, kaandika. Nikasoma: Haya yote ni ya kumwonea huruma mgonjwa, kama tungefuata foleni yake halali hata mwakani brashi isingemfika, mlimrusha juu ya watu kumi...

Nilishalitamka lote ndipo nikalisikia.

Kumbe. Walimvusha foleni. Hawakutuambia. Alidhani ni zamu yake.

Nilimtazama. Macho yamerudi kwenye dari. Nikasema huyo mjinga tu, huyo hata povu hajui kupiga. Akasema: Zima. Nikazima. Akasema: Na wembe weka mbali. Sitaki tena.

Jumamosi, 15 Machi

Hajanyolewa. Ndevu zimetoka kama sindano, anasugua shavu kwenye mto mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Nikisogea na bakuli anafumba macho na mdomo. Ninaweza kumnyoa kwa nguvu, hana mkono wa kunizuia. Ndio maana siwezi.

Kundini hakuna povu la leo. Nimetafuta tangu asubuhi. Jiwe kafungua kundi lake, nusu wamemfuata. Mwenyekiti katangaza kwamba hili la zamani atalifunga Jumanne saa sita mchana. Na picha zetu zote, na mafunzo yote, na ile sauti ya Jiwe ya kunifundisha kuvuta ngozi ya koo?

Wamenipigia wote. Jiwe: Shemeji, mlete bwana kwetu, tutamchongea brashi yake mwenyewe. Mwenyekiti naye: Mwanangu, usiwafuate wale, baki na mimi. Sauti imechoka. Kaniambia macho yake siku hizi hayatungi uzi, mjukuu ndiye anamtungia. Nikamwambia, baba, mrudishe tu yule kijana, yataisha. Akasema: Najua alichemsha kwa mapenzi. Lakini nimeshasema, na watu wamesikia.

Ndio hivyo. Amesema, na watu wamesikia.

Na Mgeni kapiga. Analia, mwanaume mzima. Dada, nilitia na chumvi kidogo, niliona inaua wadudu. Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikamwambia haidhuru, hata mimi nilishachemsha soksi ya sufu ikamtosha mtoto. Niseme nini kingine? Sina kundi, sina brashi, sina neno kubwa. Wote wananiita Shemeji na hakuna anayenisikia.

Jumatatu, 17 Machi

Mtoto. Ana mchezo wake wa asubuhi, namlaza kifuani kwa baba yake, anatambaa hadi usoni, anasugua shavu lake kwenye shavu la baba na kuguguna. Baba hawezi kumshika, kwa hiyo hiyo ndiyo kukumbatia kwao. Siku hizi nne sikumweka, niliogopa. Leo kataka mwenyewe, kanisukuma. Akafika, akasugua — akaruka na kilio! Zile sindano. Shavu limepata mchubuko. Akamtazama baba yake kama mtu asiyemjua. Akanyoosha mikono kwangu.

Nikamchukua haraka nikisema ana njaa, ana usingizi, meno yanamsumbua. Baba mtoto kasema: Acha. Nimeona.

Mama mkwe kamletea uji akakataa. Jioni, nilipokuwa namgeuza ubavu, kaninong'oneza sikioni: Kesho uninyoe.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nimekaa ukingoni mwa kitanda, haraka haraka, nyuma ya risiti ya dawa, nitabandika baadaye.

Nimeanza saa nne na nusu. Nimemwinua, nimempanga na mito, nimepiga povu. Ilikuwa kama kuanza upya, lakini shavu la kulia limetoka laini, yai tupu. Nikasuuza wembe nihamie kushoto. Akasema: Ngoja. Kundi bado lipo? Nikasema lipo, mpaka saa sita. Akasema: Lete simu. Nipige picha.

Ya bakuli? nikauliza.

Ya uso.

Nikasema basi nimalize kwanza, upendeze. Akasema: Hapana. Hivi hivi. Kitanda kionekane, na mikono ionekane.

Mikono yake juu ya blanketi. Sijawahi kuipiga picha. Nikapiga. Nusu safi, nusu povu, macho wazi kabisa. Akasema andika. Nimeandika neno kwa neno, amenisubiri kila herufi:

"Ndugu zangu, mgonjwa wenu ndiye huyu. Mlinivusha foleni kwa huruma, sikuwaomba, lakini nimeipokea. Na huyo Mgeni alikosea kwa huruma hiyohiyo. Kama yake ni kosa, na yenu ni kosa. Upande wa pili sinyoi mpaka arudishwe. Nitakaa hivi hivi. Shemeji yenu ananicheka. Povu la leo."

Sikuwa namcheka! Lakini nikaiacha.

Nikatuma. Kisha Jiwe, ambaye kumbe hakutoka kabisa, kaandika: Ndugu, umetisha. Mwingine: Tunakuona, kaka. Mwingine kajipaka povu nusu uso akatuma picha naye! Wawili. Watatu. Nusu nyuso, nyuso nilizokuwa sizijui, wanene, wembamba, mmoja ana kovu, mmoja mzee hana meno. Baba mtoto ananiambia: Nioneshe. Mwingine. Nioneshe tena.

Mama mkwe kaingia na ndoo. Kasimama. Umemfanya nini mwanangu, umeishiwa maji? Mwanawe akamwambia: Mama, tuko kwenye mgomo. Akaweka ndoo chini, akaketi kwenye kiti, akasema basi nami nione mwisho wake.

Saa sita kasoro. Povu la kushoto linakauka, linapasuka kama chokaa. Lazima linamwasha. Nimemuuliza nifute, kasema usiguse.

Mwenyekiti ameiona picha. Hapa juu, chini ya jina lake, pameandikwa "anaandika".

Ameacha.

Anaandika.

Ameacha tena.

Baba mtoto hawezi kukiona kioo cha simu kutoka alipo. Kauliza: Mzee anasemaje?

Nimemwambia bado anaandika.