Mzee Mkali Mpe Maneno Matamu

Mjukuu wangu Shemsa,

Babu yako ana bahati ya ajabu: hakuna mzee aliyewahi kuninyima binti yake. Sisi wazima. Bibi yako anakusalimu, shangazi yako bado anavuka mpaka kwenda Goma kuuza vitenge vyake. Mambo mengine ya miaka hii tuyaache.

Unauliza mchezo wa kale wa Kifaransa utaugeuzaje uwe kichekesho cha mapenzi cha leo. Mi niliwahi. Nilimpenda binti wa fundi cherehani wa Rugerero, na baba yake hakutaka hata kuniona. Nikachukua mchezo wa baba anayemficha binti yake, nikauhamishia kwenye gusaba, siku ya kuposa, wazee wa pande mbili wanapotaniana. Kwanza nilimfanya baba mjinga. Kwenye mazoezi hakuna aliyecheka. Nikampa yeye utani mtamu kuliko wote, ukumbi ukavunjika mbavu.

Fundi mwenyewe alicheka mpaka machozi. Nikamfuata mlangoni, nikamwomba binti.

“Bon, kijana, mchezo yako iko muzuri sana,” akaniambia. “Lakini binti, hapana.”

Ile bahati niliyojisifia ni uongo, Shemsa. Nilikataliwa mara tatu kabla ya bibi yako.

Babu yako