Nimemwambia nesi kuhusu majani

Jumanne mchana. Kaubaridi, na jua la kudanganya.

Mwanangu Neema amemwaga uji wake wote kwenye ndala za bibi yake sasa hivi, akazifunika na kanga ili tusione. Nimezisuuza na kuzianika. Mwenye ndala yuko uani, amenipa mgongo tangu tuliporudi kutoka hospitali.

Nimemkosea mama mkwe wangu. Au nimemsaidia, sijajua bado.

Mama ana kansa ya titi la kushoto. Ametoka Maposeni kuja kukaa na sisi hapa Majengo awe karibu na matibabu. Mume wangu ni mwanawe wa kumzaa, lakini kumuuliza mama yake habari za titi hawezi, ni aibu. Kwa hiyo naenda naye mimi. Kila tukienda nesi anauliza kama kuna dawa za kienyeji. Mama anajibu, "Hakuna, mwanangu." Mimi naangalia sakafu.

Zipo. Majani ya mstafeli, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nayachemsha mimi. Na ni mimi niliyemwonyesha ile video kwenye simu, kwamba yanaua seli za kansa ya titi.

Leo kipimo cha damu hakikuwa kizuri, dripu ya dawa ya kansa ikaahirishwa. Nesi akauliza tena, mama akajibu vilevile. Nikajikuta nimesema, "Yapo majani, nesi. Ya mstafeli."

Nilijua tutagombezwa. Nesi akavuta kiti. Akasema ni kweli, watafiti wakikamua majani hayo na kuyaweka juu ya seli za kansa kwenye kisahani, nyingi zinakufa. Lakini mtu si kisahani. Kikombe kinapita tumboni, kinapita kwenye ini, na hakuna aliyethibitisha kuwa kinaponya mtu. Kinaweza hata kugombana na dripu. Akasema baadhi ya dawa za dripu nazo zilianzia kwenye mimea, ila hizo zimepimwa kwa watu, na kiasi chake kinajulikana.

Mama akamuuliza, "Sasa huo mmea wenu mbona unaninyonyoa nywele?"

Nesi akacheka. Mama hakucheka. Tukaambiwa tuandike kila anachokunywa, tupeleke Alhamisi daktari aone.

Njiani mama alisema mara moja tu: "Umenivua nguo mbele za watu, Mama Neema. Huko sirudi."

Hilo ndilo linaniumiza. Alhamisi akigoma, nani wa kumlazimisha? Mimi niliyeishia kidato cha pili?

Lakini uvimbe umepungua tangu dripu zianze. Daktari alinishikisha mwenyewe, nikausikia kwa vidole vyangu. Kwa hiyo sikati tamaa, nitamwomba msamaha jioni, halafu

Ananiita. Anasema niache simu, nilete kalamu na daftari, yeye ataje vyote anavyokunywa, mimi niandike, tena nisisahau kuna mizizi aliyoletewa na dada yake ambayo hata mimi